Dirisha fiche kwenye kompyuta ya ofisi: nani anaona, nani haoni

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi katika ofisi moja hapa Dodoma. Kwa muda sasa nimekuwa nikifungua hali fiche (Incognito) ya Chrome kwenye kompyuta ya ofisi ili kutafuta kazi nyingine, na pia kusoma mambo ya matibabu ya uzazi ambayo sijamweleza mtu. Juzi kijana wa IT akanitania kwamba amesikia nawahama. Kila mara nikimaliza nafunga dirisha, na nikiangalia historia hakuna kitu. Amejuaje? Na yale ya hospitali ameyaona? Nikitumia simu yangu nyumbani kwenye Wi-Fi ya familia, niko salama?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na lile ambalo najua ndilo linalokuumiza kichwa. Kama kijana huyo amejua habari ya kazi kwa kupitia mtandao wa ofisi, basi majina ya tovuti za hospitali ulizofungua yako kwenye orodha ileile aliyoiona. Majina tu. Kurasa ulizosoma ndani ya tovuti hizo na maneno uliyoandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kawaida havionekani kwa mtu wa mtandao, isipokuwa kama kompyuta yenyewe imewekewa kitu cha kuvifungua. Hilo la mwisho unaweza kulikagua mwenyewe kesho asubuhi kwa dakika chache, na nitakueleza namna.

Kabla ya hapo, usijilaumu. Mwaka 2018 watafiti wa University of Chicago na wenzao wa Hannover, Ujerumani, waliwachukua watu 460, wakawasomesha maelezo yanayotokea kwenye ukurasa wa kwanza wa hali fiche katika vivinjari mbalimbali, kisha wakawauliza wameelewa nini. Zaidi ya nusu waliamini kwamba hata mtu akiwa ameingia kwenye akaunti yake ya Google, anachokitafuta hakitahifadhiwa. Zaidi ya robo walidhani hali fiche inawakinga na virusi. Na hao walikuwa wametoka kusoma maelezo muda uleule. Kosa si la wasomaji. Kitu kikishapewa picha ya mtu mwenye kofia na miwani myeusi, watu wataamini kwamba kinawafanya wasionekane.

Ukweli ni kwamba hali fiche inafanya kazi moja, na inaifanya vizuri. Ukifungua dirisha fiche, kivinjari kinaanza upya kama vile hakijawahi kukuona: hakuna vidakuzi vya zamani (cookies, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka ili ikukumbuke), na hujaingia kwenye akaunti yoyote. Utakapokuwa unatembea humo ndani, vidakuzi vipya na vipande vya kurasa vinawekwa mahali pa muda. Ukifunga madirisha fiche yote, vinatupwa, na kwenye historia hakiandikwi kitu. Sisitiza neno “yote”, kwa sababu kwenye Chrome madirisha fiche yanatumia vidakuzi vya pamoja. Ukifunga moja na kuacha jingine limejificha chini ya skrini, akaunti yako bado iko wazi, na atakayekaa kwenye kiti chako baada yako anaingia moja kwa moja.

Ndivyo kitu hiki kilivyozaliwa. Safari ya Apple ilikitoa mwaka 2005, Chrome ikaja nacho mwaka 2008, Internet Explorer na Firefox zikafuata mwaka 2009. Wakati huo kompyuta ya nyumbani ilikuwa moja na watumiaji ni ukoo mzima, hivyo tatizo lilikuwa mtu atakayeishika mashine baada yako. Ni sawa na kufagia nyayo zako uani baada ya kupita: atakayekuja nyuma hajui ulielekea wapi, lakini jirani aliyekuwa amekaa barazani alikuona ukipita, na ufagio wako haumgusi.

Jirani wa kwanza kwako ni mtandao wa ofisi. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta haijui hiyo tovuti inakaa wapi, kwa hiyo inauliza. Swali hilo linakwenda kwa seva ya DNS, ambayo ni kama kitabu cha anwani za tovuti, na katika ofisi nyingi seva hiyo ni ya ofisi au swali linapita mikononi mwa ofisi likiwa halijafichwa. Linaandikwa: kompyuta namba fulani, saa kumi na robo jioni, imeuliza tovuti ya ajira fulani. Kisha mawasiliano yenyewe yanaanza. Siku hizi karibu kila tovuti inatumia HTTPS, ile alama ya kufuli, ambayo inafunga yaliyomo yasisomeke njiani. Lakini katika salamu ya kwanza kabisa kati ya kompyuta na seva, jina la tovuti bado mara nyingi hutajwa wazi kabla kufuli haijafungwa. Kwa hiyo aliyekaa njiani anaona jina, saa, na ukubwa wa data iliyopita. Haoni ukurasa.

Unaweza kujifariji kwamba jina tu si kitu. Sitaki ujifariji hivyo. Kama tovuti ni ya gazeti, jina halisemi mengi. Kama ni ya kliniki inayoshughulika na jambo moja tu, jina limeshasema kila kitu, na likirudiwa mara kadhaa kwa wiki limesema zaidi.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Baadhi ya taasisi huweka kwenye kompyuta zao cheti cha kidijitali cha kwao wenyewe (hati inayokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe), na kwenye mlango wa mtandao huweka fayawoli, yaani kifaa cha ulinzi, inayofungua mawasiliano ya HTTPS, kuyasoma, kuyafunga tena na kuyapitisha. Hapo ukurasa wote unaonekana, pamoja na ulichoandika. Hali fiche haibadilishi chochote, kwa sababu kivinjari kinaamini cheti kilekile kwenye dirisha la kawaida na kwenye dirisha fiche. Njia ya tatu ni programu ya usimamizi iliyowekwa ndani ya kompyuta, inayoweza kupiga picha za skrini au kumwonyesha fundi skrini yako akiwa chumba cha pili. Hiyo inaona unachokiona wewe.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Fungua tovuti yoyote ya kawaida isiyo na siri, tuseme ensaiklopidia au gazeti. Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani, ingia kwenye habari za muunganisho, kisha fungua cheti uone nani amekitoa. Kwa kawaida utakuta jina la kampuni inayotoa vyeti kwa dunia nzima, kama Let's Encrypt, DigiCert au Google Trust Services. Ukikuta jina la ofisi yenu, au la kampuni ya fayawoli kama Fortinet au Sophos, jua kwamba mawasiliano yako yanafunguliwa njiani. Jaribu tovuti mbili tatu, kwa sababu ofisi inaweza kuruka baadhi, hasa za benki. Kisha fungua menyu ya Chrome utazame chini kabisa kama kuna maneno yanayosema kivinjari kinasimamiwa na shirika. Yakiwepo, maana yake ofisi inaweza kukiwekea kivinjari masharti, pamoja na kuizima kabisa hiyo hali fiche. Yasipokuwepo si uthibitisho kwamba hakuna programu nyingine ndani ya mashine, lakini cheti kinabaki kuwa ushahidi mzuri.

Naomba pia ukumbuke mambo mawili ambayo watu huyasahau. Je, ulipakua tangazo la kazi? Faili ulilopakua ukiwa kwenye hali fiche halifutwi. Linabaki kwenye folda ya vipakuliwa likiwa na jina lake. Na je, ulichapa CV kwenye printa ya ofisi? Foleni ya printa huonyesha jina la faili na jina la aliyetuma, na mtu wa IT huitazama kila printa inapokwama. Mara nyingi siri ya kazi mpya huvujia hapo, wala si kwenye mtandao. Ukurasa uliouwekea alamisho (bookmark) nao unabaki, hata kama uliuweka ukiwa kwenye dirisha fiche.

Sasa kuhusu huyo kijana. Ofisi ina haki ya kulinda mtandao wake na kuweka kumbukumbu za matumizi ya kompyuta zake, na huenda ulisaini sera inayosema hivyo siku ulipoajiriwa. Lakini kuweka kumbukumbu kwa ajili ya usalama ni jambo moja, na fundi kuzichungulia kisha kumtania mwenzake ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa zinakusanywa kwa lengo linalojulikana na hazitumiki kinyume cha lengo hilo. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi. Ungekuwa mdogo wangu ningekushauri uanze kwa upole: mwombe mkuu wa idara akuonyeshe sera ya matumizi ya kompyuta, uulize nani anaruhusiwa kusoma kumbukumbu hizo na zinatunzwa kwa muda gani. Huna haja ya kutaja kilichokufikisha hapo. Swali hilo likiulizwa kwa maandishi, watu wa IT wenyewe huanza kuwa na adabu na kumbukumbu za wenzao.

Twende nyumbani. Wi-Fi ya familia ni mtandao kama wa ofisi, ila mdogo. Ruta nyingi za majumbani zinaonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na baadhi, hasa zile zenye udhibiti wa wazazi, zinaweza kuonyesha pia majina ya tovuti. Mwenye nenosiri la ruta akitaka kujua majina hayo, na ruta yake ikiwa na uwezo huo, atayaona iwe umefungua dirisha fiche au la kawaida. Watu wachache sana hufanya hivyo. Lakini hukuniuliza kama ni kawaida, umeniuliza kama uko salama, na jibu la swali hilo ni kwamba kwa jambo usilotaka lijulikane nyumbani, zima Wi-Fi utumie bando lako.

Ukitumia bando, jirani anayeona ni kampuni ya simu. Nayo inaona majina ya tovuti kwa njia ileile, na inajua laini ni ya nani, kwa sababu hapa kwetu laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo kwa kampuni ya simu na kwa chombo cha dola chenye amri halali, hali fiche haikufichi hata kidogo. Kwa watu wa nyumbani na kwa kijana wa IT, bando lako linatosha. Unaona sasa kwa nini siwezi kukujibu kwa “ndiyo” au “hapana”? Kila anayeweza kuona amekaa mahali pake, na kinachomzuia mmoja hakimzuii mwingine. Ukinitajia unamficha nani, nakutajia cha kufanya.

Kwenye simu yenyewe, hali fiche ina faida kubwa kuliko kwenye kompyuta ya ofisi, maana simu zetu hupita mikono mingi: mtoto anataka mchezo, shangazi anataka kuona picha za harusi. Ila ina mianya yake. Vichupo fiche usipovifunga vinakaa hapohapo, vikisubiri mtu afungue Chrome. Android huweka arifa ya kukukumbusha kuvifunga, nasi huipitisha kidole bila kuisoma. Chrome ya simu ina mpangilio wa kufunga vichupo fiche kwa alama ya kidole kila unapotoka, na Safari ilipata kitu kama hicho mwaka 2023. Washa leo. Picha na PDF ulizopakua zinabaki kwenye simu, na PDF za hospitali huwa na majina yanayojieleza. Pia angalia kibodi: baadhi ya kibodi huacha kujifunza maneno ukiwa kwenye hali fiche, nyingine zinaendelea, na siku nyingine dawa uliyoitafuta inajitokeza kama pendekezo wakati mtu mwingine anaandika ujumbe.

Kuna mwanya mwingine mkubwa zaidi ambao haujadiliwi vya kutosha. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi hakifunguki kwenye kivinjari chako. Kinafunguka kwenye kivinjari kidogo cha ndani ya programu hiyo, na Agosti 2022 mtafiti mmoja alionyesha hadharani kwamba programu hizo mbili zilikuwa zikipachika msimbo wao kwenye kurasa za watu wengine zilizofunguliwa humo. Hapo hali fiche haipo kabisa. Kiungo cha jambo lako la afya kikikufikia kwa njia hiyo, kinakili, kisha ukibandike mwenyewe kwenye kichupo fiche. Na kama unatumia Opera Mini ili kuokoa bando, elewa kwamba ikiwa kwenye hali ya kubana data kwa kiwango kikubwa, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera zinakobanwa, kichupo fiche au si fiche. Sina ugomvi nayo, imewasaidia watu wengi wenye simu ndogo na bando dogo. Lakini kwa mambo ya uzazi tumia kivinjari kingine.

Nije sasa kwa tovuti zenyewe, kwa sababu huko ndiko watu walikodanganyika zaidi, na ndiko hasira yangu iliko. Juni 2020 watumiaji wa Chrome walifungua kesi dhidi ya Google katika mahakama ya shirikisho huko California, wakidai si chini ya dola bilioni 5. Hoja yao: walifungua hali fiche wakiamini hawafuatiliwi, ilhali tovuti walizotembelea zilikuwa na vipande vya Google vya takwimu na matangazo, na vipande hivyo viliendelea kutuma habari zao kwa Google. Kampuni ilijitetea kwamba ukurasa wa kwanza wa hali fiche ulishaonya kuwa shughuli zako zinaweza kuonekana na tovuti. Agosti 2023 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikataa kuitupa kesi hiyo, na Desemba mwaka huohuo pande mbili zikatangaza kupatana. Masharti yalipowekwa wazi Aprili 2024, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa, na kuendelea kwa miaka mitano kuzuia vidakuzi vya watu wa tatu (vile vya kampuni nyingine, si vya tovuti uliyoifungua) kwenye hali fiche bila mtumiaji kuomba. Maelezo ya ukurasa wa kwanza yalibadilishwa, sasa yakisema waziwazi kwamba hali fiche haibadilishi namna tovuti na huduma zinazozitumia, Google ikiwemo, zinavyokusanya data. Waliodai hawakulipwa fidia kwa pamoja. Kila mmoja aliachiwa haki ya kudai kivyake.

Nakueleza kesi hiyo kwa urefu kwa sababu maneno mapya ya ukurasa ule ndiyo maelezo sahihi, na ilihitajika mahakama ili yaandikwe. Yasome mara moja kwa utulivu utakapofungua dirisha fiche.

Tovuti inakujuaje bila vidakuzi vyako vya zamani? Kwanza kwa anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako kwenye intaneti, ambayo hali fiche haiibadilishi. Anwani hiyo inatosha kukadiria mji uliopo, na kama ni Wi-Fi ya nyumbani, simu na kompyuta zote za humo ndani huonekana kwa nje kuwa na anwani moja. Ndiyo maana mtu anaweza kutafuta kitu kwa siri kwenye simu yake, na matangazo yake yakaanza kujitokeza kwa mwingine mle nyumbani. Si lazima itokee, lakini inawezekana, na ni sababu nyingine ya kutumia bando kwa jambo lako. Pili, wewe mwenyewe unajitambulisha. Ukiingia Gmail au Facebook ndani ya dirisha fiche, umetoa jina lako, na ulichofanya humo kinaandikwa kwenye akaunti yako kama kawaida. Kufunga dirisha hakukifuti, kwa sababu hakikuwa kwenye kompyuta yako tangu mwanzo. Kwa habari za afya usiingie kwenye akaunti yoyote, na usijaze fomu yenye namba yako ya simu kabla hujaamua kweli kuwasiliana na hospitali hiyo.

Tatu ni jambo gumu kidogo kuliona. Kila kivinjari kinapofungua ukurasa hutaja vitu vingi vidogo: toleo lake, lugha, ukubwa wa skrini, majira ya saa, aina za herufi zilizomo kwenye mashine. Kila kimoja peke yake hakimtambulishi mtu. Vikiwekwa pamoja, mara nyingi vinamtenga mmoja na wengine wote. Mwaka 2010 shirika la kutetea haki za mtandaoni la Marekani, Electronic Frontier Foundation, lilipima vivinjari zaidi ya laki nne na nusu vilivyotembelea tovuti yake ya majaribio, likakuta zaidi ya asilimia 83 havikufanana na kingine chochote katika kundi hilo. Hali fiche ya Chrome haivibadilishi vitu hivyo. Firefox na Safari zimeongeza vikwazo kiasi.

Wengi wataniuliza kuhusu VPN. VPN inayafunga mawasiliano yako hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, kwa hiyo ofisi na kampuni ya simu zinaona tu kwamba unatumia VPN. Lakini sasa kampuni ya VPN ndiyo inayoona majina yote, na nyingi za bure zinapata fedha mahali fulani. Halafu kuna sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa zake kwa mamlaka kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kabla ya kuweka VPN, soma masharti yaliyopo. Na usiiweke kwenye kompyuta ya ofisi kwa siri. Hiyo inaonekana mara moja na itakuletea swali baya kuliko utani wa yule kijana. Kivinjari cha Tor ni kitu tofauti: kinapitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu ili kusiwe na kituo kimoja kinachojua kwa pamoja wewe ni nani na unakwenda wapi. Ni chombo cha kweli, waandishi wa habari wanakitegemea. Ni cha polepole, tovuti nyingi hukisumbua, na kwa kinachokukabili wewe sioni kama unakihitaji.

Kuna kundi moja la wasomaji ninalotaka kusema nalo moja kwa moja, ingawa dada aliyeuliza hakutaja hali hiyo. Kama unaishi na mtu anayekagua simu yako kwa nguvu, anayejua mambo ambayo hukumwambia, usiitegemee hali fiche. Programu ya upelelezi iliyowekwa kwenye simu inaweza kuona skrini na kunasa kila herufi unayobonyeza. Na historia tupu kabisa nayo inaweza kumtia mtu wa namna hiyo mashaka. Tafuta msaada kwa simu ya mtu unayemwamini, ambayo yule mtu hajawahi kuishika.

Na wanaotumia kompyuta za intaneti kafe: huko hali fiche ni lazima, ndipo mahali pake hasa. Fungua dirisha fiche kabla ya kuingia kwenye barua pepe, funga madirisha yote ukimaliza, futa ulichopakua kisha umwage na pipa la taka. Usifanye ya benki huko. Mashine ambayo huijui inaweza kuwa na programu inayonasa nenosiri lako, na hali fiche haiizuii.

Kwa upande wako, dada, mpango ni huu. Acha kabisa kutafuta kazi na kusoma ya hospitali kwenye kompyuta ya ofisi, na pia kwenye simu yako ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi. Hili watu hulisahau, maana simu hujiunga yenyewe asubuhi wakishavuka mlango. Mambo ya kazi yafanye kwa simu yako na bando lako, kwenye dirisha la kawaida kama hakuna mwingine anayeishika. Utahitaji kuingia kwenye akaunti na kupakua matangazo, hivyo hali fiche itakusumbua bila faida. Tumia barua pepe binafsi, kamwe si ya ofisi. Mambo ya afya yasome kwenye kichupo fiche, kwa bando, bila kuingia kwenye akaunti, na ufunge vichupo ukimaliza. Kwenye Android, toleo la 9 na kuendelea, kuna mpangilio wa DNS ya faragha kwenye sehemu ya mtandao. Ukiuwasha, yale maswali ya DNS yanasafiri yakiwa yamefungwa, na aliye kwenye Wi-Fi hayasomi kirahisi. Ile salamu ya kwanza bado inaweza kutaja jina, kwa hiyo usiuchukulie kuwa pazia kamili.

Kilichokwisha kuandikwa kwenye seva ya ofisi huwezi kukifuta, na usijaribu. Kumbukumbu za namna hiyo kwa kawaida hujifuta zenyewe baada ya muda ambao ofisi imeuweka, ndiyo maana nimekushauri uulize muda huo. Unachoweza kufanya leo ni kufungua folda ya vipakuliwa na alamisho za kompyuta hiyo, uondoe vyako binafsi, utoke kwenye akaunti zako zote, na ubadilishe manenosiri uliyowahi kuyaandika hapo. Yabadilishie kwenye simu yako, si kwenye mashine hiyo. Ukikuta cheti kina jina la ofisi, anza na la barua pepe, maana hilo ndilo linalofungulia akaunti nyingine zote.